Mzazi Asiyejua Kuchora Anaweza Kufundisha Sanaa



Mara nyingi tunapowaomba wazazi katika jumuiya ndogo ndogo za hapa Tumati wawape watoto nafasi ya kuchora na kufinyanga nyumbani, jibu huwa lile lile: "Sisi wenyewe hatujui kuchora, tutawafundisha nini?" Watu hucheka kidogo, kisha mazungumzo huhamia kwenye michango. Tumeona tulijibu swali hilo kwa uzito linaostahili, kwa sababu nyuma yake kuna dhana inayowanyima watoto wetu kitu kikubwa: kwamba anayefundisha sanaa lazima awe msanii.

Sisi tunaamini vingine. Mzazi asiyejua kuchora anaweza kumlea mtoto katika sanaa, na pengine akafanya vizuri kuliko anayejua, kwa kuwa hatapata kishawishi cha kumnyang'anya mtoto penseli na kumchorea. Hakuna anayemdai mzazi aoneshe ufundi. Anachodaiwa ni vifaa, muda, maswali mazuri na heshima kwa kazi ya mtoto. Hayo manne hayahitaji kipaji, yanahitaji upendo na uvumilivu kidogo.

Nani alisema hatujui?

Tuanze na akina baba. Hapa kwetu ng'ombe akipotea, hakuna anayeridhika kuambiwa kwamba ni mweusi au mwekundu. Wataulizana mabaka yamekaa wapi, pembe zimepinda kuelekea upande gani, kama ana doa usoni, kama ncha ya mkia ni nyeupe. Katika lugha ya nyumbani kuna majina ya rangi za ng'ombe ambayo kwa Kiswahili hutulazimu kuyaeleza kwa sentensi nzima. Mtu anayemtambua mnyama wake kutoka ng'ambo ya bonde kwa mabaka yake ana jicho ambalo wanafunzi wa sanaa hulitafuta kwa miaka. Huenda mkono wake haukuzoea penseli, lakini jicho analo, na kuona ndiko kunakotangulia kuchora.

Tuje kwa akina mama. Ingia sebuleni uone vitambaa vilivyofumwa kwa uzi, vimetandikwa juu ya viti na meza. Aliyevifuma amehesabu matundu, amerudia ua lile lile mara ishirini bila kukosea, na ameamua rangi ipi ikae kando ya ipi. Halafu mama huyo huyo atakuambia hajui sanaa, kwa sababu neno hilo amelisikia likitumika kwa picha za kwenye fremu tu.

Na mabibi je? Zamani mabinti wa Kiiraqw, katika kipindi cha kutengwa na kufundwa, walishona shanga juu ya sketi za ngozi kwa mistari na maumbo yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa. Sketi hizo leo zimo katika makumbusho ya nchi za mbali. Walizishona bila darasa la sanaa, wakijifunza kutoka kwa wanawake waliowatangulia. Hatusemi kila desturi ya zamani irudi. Ukeketaji, ambao hadi leo unawaumiza mabinti wa mkoa wetu wa Manyara, tunaukataa bila kuuma maneno. Lakini sindano na shanga hazikuwa na dhambi yoyote, na ni hasara kama bibi anayekumbuka jinsi mistari ile ilivyopangwa ataondoka duniani bila mjukuu wake kumwuliza.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kuona kwamba nchi hii ilichorwa tangu kale. Ukitoka Babati kuelekea Kondoa utafika Kolo, ambako kuna michoro ya watu na wanyama juu ya miamba. Mwaka 1951 Mary Leakey alifanya kazi huko akiinakili, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya miambani ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Mingi ya michoro hiyo ni myekundu, kwa rangi iliyotoka ardhini. Mtoto wa Tumati anayekanyaga udongo mwekundu kila siku akienda shule anapaswa kujua kwamba anatembea juu ya rangi.

Mnazi ambao mtoto hajawahi kuuona

Mwambie mtoto wa hapa achore nyumba. Mara nyingi atachora mraba, juu yake pembetatu, na pembeni ataweka mnazi. Tumati hakuna minazi. Kuna milima, ukungu wa asubuhi, mashamba ya mahindi na maharage, mikaratusi, na mbuzi waliofungwa kamba. Mnazi ameutoa kwenye picha aliyoinakili kutoka ubaoni au kitabuni, na aliyemwekea picha hiyo aliinakili kutoka kwa mwingine. Mtoto anajifunza kwamba mambo yanayostahili kuchorwa yako kwingine, si hapa anapoishi.

Hili si dogo. Anayeamini kwamba kwao hakuna cha kuchora ataamini kwa urahisi kwamba kwao hakuna cha kutunza. Atakata mti bila kuutazama, na ataona aibu kwa nyumba ya babu yake kabla hajaielewa. Sisi tunaokiri kwamba Mungu aliviona vyote alivyoviumba kuwa ni vyema tunapaswa kusikitika mtoto anapofundishwa kutoviona.

Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alisisitiza maisha yake yote kwamba msanii asiige. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora ukutani matukio ya maisha ya Kristo katika kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana huko Murang'a, Kenya, akiyaweka katika mandhari ya Wakikuyu, kati ya watu na vilima wanavyovijua waumini wa pale. Aliyeingia kusali alimwona Bwana amezaliwa jirani.

Pengine msomaji atatupinga kwa mfano wa Edward Saidi Tingatinga. Huyu naye alizaliwa mwaka 1932, upande wa Tunduru, hakupita chuo chochote cha sanaa, na alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari. Aliwafundisha ndugu na jamaa zake, nao walijifunza kwa kumwiga. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji wake unaendelea hadi leo kwa njia hiyo hiyo. Je, kuiga si kufundisha?

Tunakubali kwamba kuna kuiga kunakojenga. Mtoto anayeketi kando ya fundi, akaona mkono unavyokwenda, akapewa kona moja ya kazi aijaze, anapokea ufundi hai. Ndivyo mabinti wa zamani walivyojifunza kupanga shanga. Tunachokataa ni kunakili kitu ambacho mtoto hakukiona, kutoka kwa mtu ambaye naye hakukiona, ili tu daftari lipate alama ya vema. Kwa hiyo mzazi akimjua fundi kijijini, iwe ni mama anayefinyanga vyungu, babu anayechonga mipini na vigoda, au shangazi anayefuma, ampeleke mtoto akaketi hapo. Kujua nani anajua ni sehemu ya kufundisha.

Mambo manne ambayo kila nyumba inaweza

Kwanza, vifaa. Wazazi wengi wanafikiri sanaa ni boksi la kalamu za rangi kutoka dukani. Zikipatikana, ni vema. Zisipopatikana, mkaa wa jikoni unachora vizuri kuliko penseli. Udongo mwekundu uliosagwa na kuchekechwa, ukachanganywa na uji mwembamba wa unga wa ngano au ute wa yai, unashika kwenye karatasi. Manjano ya jikoni hutoa rangi yake yenyewe. Kijiti kilichotafunwa ncha kinakuwa brashi, na unyoya wa kuku pia. Karatasi ni upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka uliopita, boksi lililokunjuliwa, au mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri na kukatwa. Udongo wa kufinyangia upo kando ya vijito, na watoto wanajua ulipo kuliko sisi. Tahadhari moja: wasichezee kabisa unga mweusi wa betri za tochi, kwa kuwa una sumu.

Pili, muda. Tunajua maisha ya hapa. Kuna maji ya kuchota, kuni, mifugo na palizi, na mtoto ana sehemu yake katika kazi hizo. Hatuombi saa tatu kwa siku. Nusu saa ya Jumapili, baada ya Misa na chakula, inatosha kuanzia, mradi iwe ni nusu saa ambayo hakuna anayemtuma. Siku nyingine anayechunga anaweza kuchora kwa kijiti chini ya ardhi, na jioni baba akamwuliza: "Leo umechora nini huko?" Swali hilo moja limeshageuza machungani kuwa darasa.

Tatu, maswali. Hapa ndipo mzazi asiyejua kuchora anapofaa zaidi. Usimwulize mtoto "hiki nacho ni kitu gani?" kwa sauti ya kumshangaa. Mwambie, "Hebu nieleze." Usimalizie kwa "vizuri sana" kisha ukageuka. Mwambie ulichokiona: kwamba jua amelifanya kubwa kuliko mlima, kwamba mama amemchora bila miguu. Kisha msikilize. Huenda mama hana miguu kwa sababu amesimama ndani ya mahindi.

Tumeyaona matunda ya kusikiliza kwetu wenyewe, kwa watoto wa Utoto Mtakatifu. Waliposikia Injili ya kondoo aliyepotea, waliambiwa wachore walichosikia. Wengi walimchora mchungaji amembeba kondoo mabegani, kama picha tunazozijua. Mtoto mmoja, mchungaji yeye mwenyewe, aliwachora wale tisini na tisa wamebaki peke yao, na pembeni yao fisi. Alipoombwa aeleze, alisema: "Hawa nani anawalinda?" Kwa mkaa juu ya boksi alikuwa ameliona jambo ambalo watu wazima tunalisikia kila mwaka na kulipita: kwamba yule mchungaji alijiingiza katika hatari ya kweli kwa ajili ya mmoja. Kama angepewa picha ya kupaka rangi ndani ya mistari, swali hilo lisingetoka.

Nne, heshima. Mchoro wa mtoto usiwashiwe moto mbele yake. Uandikwe tarehe, ubandikwe ukutani hata wiki moja, kisha uhifadhiwe. Asilinganishwe na kaka yake anayechora "kama picha". Asicharazwe kwa sababu amechora nyuma ya daftari la hesabu. Apewe daftari lake la kuchorea, hata kama ni karatasi chakavu zilizoshonwa kwa uzi. Na mzazi asiirekebishe kazi hiyo. Ng'ombe wa zambarau si uongo. Mtoto anajua vizuri kwamba ng'ombe hawana rangi hiyo. Alitaka tu kuona wangekuwaje.

Lakini sanaa inaleta ugali?

Pingamizi hili tumelisikia sana na hatulidharau. Mzazi aliyeuza debe la maharage ili alipie sare ana haki ya kuuliza kila jambo litaleta nini. Wengine huongeza kwamba sanaa ni kazi ya shule, hasa sasa ambapo mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa sanaa na michezo nafasi yake katika elimu ya msingi.

Shule itafanya sehemu yake, lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kukaa na mtoto mmoja na kumwambia "nieleze". Anayeweza ni wewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la mwaka 1965, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Haukuongeza kwamba wawe wamesomea.

Kuhusu ugali, hatuahidi ajira. Wengi wa watoto hawa hawatakuwa wachoraji, kama vile wengi tunaowafundisha kusali hawatakuwa mapadre wala masista. Hatuachi kuwafundisha kusali kwa sababu hiyo. Mtoto anayezoea kutazama kwa makini, kuanza kazi bila kuambiwa kila hatua, kuharibu na kurudia bila kulia, atazichukua tabia hizo shambani, karakana, zahanati au popote Mungu atakapompeleka. Na hata asipozichukua popote, amekuwa na nusu saa ya furaha halali nyumbani kwa baba na mama yake. Hilo nalo lina thamani.

Kitabu cha Kutoka kinatuambia kwamba Mungu alimjaza Bezaleli roho yake, akampa hekima ya kufanya kazi ya dhahabu, mawe na mbao kwa ajili ya hema. Kinatuambia pia kwamba Bezaleli na Oholiabu walitiwa moyoni uwezo wa kuwafundisha wengine, na kwamba wanawake wenye ujuzi walileta nyuzi walizosokota kwa mikono yao. Kazi ile takatifu ilianzia katika nyumba zao. Na Bwana wetu mwenyewe, aliyejulikana Nazareti kama seremala, alikulia katika nyumba ya fundi.

Neno kwa mafrateri

Pengine ndugu zetu waseminari wanaona makala hii inawahusu wazazi tu. Inawahusu nao. Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya tarehe 4 Desemba 1963, katika sura ya saba, inaagiza kwamba wanaojiandaa kuwa mapadre wafundishwe historia na maendeleo ya sanaa takatifu katika masomo yao ya falsafa na teolojia. Sura hiyo hiyo inasema Kanisa halikujifunga kwa mtindo mmoja wa sanaa, bali lilipokea mitindo ya kila wakati kulingana na watu na mahali. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani aliandika tamthilia na kuigiza jukwaani, aliwaandikia wasanii barua tarehe 4 Aprili 1999 akikumbusha kwamba si wote wameitwa kuwa wasanii kwa maana maalumu, lakini kila mmoja amekabidhiwa maisha yake ayaunde kama kazi nzuri ya sanaa.

Kesho frateri atakuwa paroko. Huenda hajui kuchora hata kuku. Atakuwa katika nafasi ile ile ya baba na mama tuliowataja: hatadaiwa kuchora, atadaiwa kutoa nafasi. Ndivyo alivyofanya Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika kule Bujora, Mwanza. Alikuwa Mkanada, lakini kanisa lilijengwa likibeba alama za utawala wa Kisukuma, na kando yake kukakua makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma. Paroko asiyetoa nafasi hiyo ataagiza sanamu za plastiki mjini, atazipanga altareni, na watoto wa parokia watajifunza tena, safari hii kanisani, kwamba vitu vizuri hutoka kwingine.

Pendekezo letu

Tunamalizia na ombi moja linalowezekana. Majilio yajayo, pango la Noeli lisinunuliwe. Kila jumuiya ipewe sehemu yake: moja ifinyange mchungaji na kondoo, nyingine ng'ombe na punda, nyingine Mamajusi, nyingine Familia Takatifu. Kazi ifanyike nyumbani, watoto wakifinyanga na wazazi wakichota udongo, wakiuliza, wakisikiliza. Asiguse mkono wa mtu mzima kunyoosha pua ya Mtakatifu Yosefu. Vikauke kivulini polepole, visipasuke, na fundi wa vyungu aombwe kuvichoma pamoja na vyake.

Baadhi vitavunjika. Ng'ombe watakuwa na nundu na mabaka tunayoyajua, na huenda wakawa wakubwa kuliko Mamajusi. Mkesha wa Noeli tuviweke mbele ya altare vyote, bila kuchagua vilivyo bora, na tuandike kando yake majina ya jumuiya zilizoviumba. Mwaka unaofuata tuwaulize tena wazazi kama wanajua kufundisha sanaa.